Kilichofukiwa Juu ya Daraja

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla hata hajanawa uso vizuri, Linnea Rostad alizunguka kambi ya mama yake akikagua mapipa ya taka. Yalikuwa mapipa ya chuma, na kitasa cha kila pipa kilifichwa chini ya kifuniko. Vidole vya mtu vilipenya, kucha za dubu hazikupenya. Baada ya mapipa alipita kwenye mahema. Akiona sufuria yenye masalio au dawa ya meno iliyosahauliwa mezani, aligonga turubai na kusema kwa upole, kama alivyofundishwa, "Samahani jamani, chakula chenu kimelala nje."

Kambi hiyo ilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, nje kidogo ya mji mdogo wa Larch Fork, katika milima ya Montana. Linnea alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi ya kuwapa wageni maelezo ilikuwa yake. Aliyajua maelezo hayo kwa moyo, akayamwaga kama kasuku.

"Chakula chote kikae ndani ya gari. Njiani ongeeni, imbeni, pigeni makofi, maana dubu hapendi kushtukizwa. Kopo la pilipili la kumpulizia dubu livaliwe kiunoni, lisizikwe ndani ya mkoba. Na mkimwona dubu, msikimbie."

Siku moja mwishoni mwa Agosti aliwaeleza hivyo wageni waliotoka Iowa: Bwana Pruitt, mwalimu wa muziki mwenye miguu mirefu myembamba kama ya korongo, mkewe Bi. Nadine, na binti yao Corinne, mtoto wa darasa la tatu. Bwana Pruitt alikuwa amefunga vikengele kwenye viatu vyake.

"Nimeambiwa hivi vinafukuza dubu," alisema kwa fahari, akitikisa mguu.

Linnea alijaribu kujizuia, akashindwa. "Mjomba wangu anasema dubu akisikia hivyo hudhani chakula kimempigia hodi."

Corinne alicheka hadi akashika meza. Baba yake naye alicheka, akainama akavifungua. "Basi nitaimba."

"Ukiimba wewe," Bi. Nadine akadakia, "watakaohitaji msaada ni dubu."

Linnea aliwapenda palepale. Walimwambia kwamba siku hiyo wangepumzika, na kesho yake wangetembea mlimani.

Mjomba aliyemtaja alikuwa Orrin, kaka wa mama yake, askari wa wanyamapori wa eneo lile. Kazi yake ilikuwa kujua dubu wako wapi. Akiona dalili mbaya kwenye njia yoyote, alitundika ubao wa manjano mwanzoni mwa njia hiyo, au aliifunga kabisa. Kwa Linnea na binti yake mwenyewe, Joely, alikuwa na sheria moja tu: wasivuke daraja la njia ya Alder bila mtu mzima. "Mkilivuka daraja," alizoea kuwaambia, "mmenivuka mimi."

Mchana huohuo Joely alifika kwa baiskeli, ndoo ikining'inia kwenye usukani. Alikuwa amemzidi Linnea mwaka mmoja, na hakuacha kumkumbusha.

"Beri za huku chini zimekwisha," alisema. "Watalii wamekwangua mpaka majani. Za juu ya daraja zinadondoka zenyewe chini."

"Na baba yako?"

"Baba yuko upande wa pili wa mlima mpaka jioni. Kwani nani atamwambia? Wewe?"

"Mimi sisemi."

"Basi twende. Au unangoja mama akushike mkono?"

Linnea hakupenda kuitwa mtoto. Alichukua ndoo yake.

Juu ya daraja beri zilikuwa kama Joely alivyosema, nyeusi, nono, zenye utamu wa kukunja ulimi. Walichuma na kula, wakala na kuchuma, wakapanda taratibu wakifuata vichaka hadi daraja halikuonekana tena. Walikuwa wanacheka kwa jinsi meno yao yalivyogeuka zambarau, Linnea aliposita na kuinua pua.

"Unasikia harufu hiyo?"

"Ni soksi zako."

"Joely, sifanyi mzaha."

Ilikuwa harufu nzito ya nyama iliyooza, iliyokuja na kupotea kwa kufuata upepo. Mbele yao, nyuma ya mti mkubwa ulioanguka kando ya njia, kunguru walikuwa wakigombana. Wasichana walisogea hatua chache. Hapo Linnea akaona kitu kama kaburi bichi: tuta la udongo, majani na matawi yaliyovunjwa, na ardhi yote kulizunguka imechimbuliwa kana kwamba trekta limepita. Upande mmoja wa tuta ulichomoza mguu wa kulungu dume, kwato zikiangalia juu.

Damu ilimwishia usoni. Hakuna mtoto wa Larch Fork asiyejua maana ya tuta lile. Ni dubu mkubwa wa milimani, yule mwenye nundu begani, ndiye anayefukia mzoga hivyo. Akishaufukia haendi mbali. Hulala karibu, akilinda, na yeyote anayesogea humhesabu kuwa mwizi.

"Rudi nyuma," Linnea alinong'ona. "Polepole. Usi..."

Kichakani, karibu mno, kitu kikubwa kikapumua. Pumzi moja tu ya nguvu, kama mvukuto wa mhunzi, kisha tawi likavunjika.

Yote aliyowafundisha wageni yalimtoka kichwani. Walikimbia. Ndoo ya Joely iliruka, beri zikamwagika njiani, na hakuna aliyegeuka nyuma hadi mbao za daraja zilipolia chini ya miguu yao. Hawakufuatwa. Mpaka mwisho hawakujua kwa nini hawakufuatwa.

Walikaa chini ya daraja wakitweta.

"Hatujaona kitu," Joely alisema mwishowe.

"Joely, lazima tumwambie baba yako."

"Ukimwambia, mashindano yangu ya farasi yamekwisha. Mwaka mzima nimefanya mazoezi, Linnea! Hata hivyo yeye ndiye askari. Atauona mwenyewe. Ndiyo kazi yake." Alimshika mkono. "Niahidi."

Linnea alitazama maji. "Haya," alisema.

Jioni Mjomba Orrin alikuja kula kwao, kama alivyofanya mara nyingi anapochelewa kazini. Mama alipakua nyama na viazi. Mjomba alinawa mikono, akavuta kiti, na kabla hajagusa chakula akasema, "Mwaka huu dubu wana njaa, wanashuka mapema. Leo sikufika Alder. Kuna yeyote aliyeniletea habari za huko? Mgeni yeyote kasema kitu?"

"Kwangu hakuna aliyesema," Mama alijibu. "Linnea, wewe ndiye unayeshinda na wageni. Umesikia lolote?"

Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni. Linnea alikishusha. Alidhani ukweli ungemtoka wenyewe, kama kikohozi. Badala yake alisikia sauti yake, tulivu kabisa, ikisema, "Hapana, Mjomba. Sijasikia kitu."

"Na ulimi huo wa bluu?" Mama aliuliza.

"Beri za kando ya mto."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, akaanza kula. Linnea alibaki akiitazama sahani yake, ameshtushwa na nafsi yake mwenyewe. Hakujua kwamba uwongo ni kitu chepesi kiasi kile.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa bado umelalia mahema alipoikuta familia ya Pruitt ikifunga kamba za viatu.

"Leo wapi?" aliuliza.

"Alder!" Corinne alisema. "Baba anasema kuna maporomoko ya maji."

Hapo ukweli ulikuwa karibu kabisa kumtoka Linnea, umefika kwenye meno. Lakini akilini akamwona Joely chini ya daraja, akamwona Mjomba akiweka chini uma wake kwa hasira.

"Alder kuna matope mengi," alisema. "Mtachafuka bure. Nendeni ziwani. Kuna bata wenye vifaranga."

"Bata!" Corinne alirukaruka. Baba yake akacheka, akafungua mlango wa gari. "Mwenye kambi ndiye ajuaye. Ziwani, basi."

Gari lilipopotea kwenye kona, Linnea alihisi mzigo umemshuka mgongoni. Alifagia jiko la wageni huku akiimba. Alijiona mjanja: amewaepusha na hatari, na hakuna aliyeadhibiwa. Mjomba angepita Alder leo au kesho, angeliona tuta mwenyewe, na mambo yangeishia hapo.

Jua lilikuwa limekwisha kupasua ukungu alipokwenda kuanua taulo. Kwenye kamba alimkuta Bi. Nadine.

"Mmesharudi?" Linnea alishangaa.

"Mimi sikwenda, mwanangu. Kichwa kiliniuma, wakaniteremsha hapo barabarani nikarudi kwa miguu." Alibana taulo kwenye kamba, akatabasamu. "Na ziwani kwenyewe hawakupata mahali pa kuegesha, magari yalikuwa yamejaa. Mume wangu kaniletea ujumbe wa simu, kabla hawajaingia kusikoshika mtandao, kwamba wamegeukia Alder. Anasema, 'Matope hayatuui.'"

Linnea alihisi ardhi imeondoka chini yake. Aliona kamba, taulo, tabasamu la yule mama, vyote vikiwa mbali sana, kisha akajikuta anakimbia.

Mama alikuwa ghalani akipanga kuni.

"Mama, kuna mzoga Alder. Umefukiwa. Dubu yupo. Na Bwana Pruitt na Corinne wamekwenda huko!"

"Nani kakwambia?"

"Nimeuona mwenyewe. Jana."

Mama alisimama wima. Gogo la kuni lilimtoka mkononi, likabingirika hadi mlangoni, na hakuligeukia. "Jana," alirudia. "Na jana mjomba wako alikuuliza pale mezani, mimi nikiwepo."

Hakumpiga wala hakumkaripia zaidi. Alichukua redio ya upepo iliyoning'inia ukutani, akamwita kaka yake. Orrin aliitika mara ya kwanza. Mama alimweleza kwa maneno machache, halafu kukawa na mkwaruzo mtupu.

"Mpe redio," sauti ilisema. Kisha, "Linnea. Wapi hasa?"

"Juu ya daraja, Mjomba. Ukipita vichaka vya beri, kuna mti mkubwa umeangukia njiani. Nyuma yake, mkono wa kulia. Utawaona kunguru."

"Ulikuwa na nani?" Linnea alipokawia, sauti ikawa kali. "Siulizi ili nimwadhibu mtu. Nataka kujua nani mwingine aweza kuwa huko sasa hivi."

"Joely," Linnea alisema.

"Nakwenda," Mjomba alisema, redio ikakatika.

Linnea alipogeuka alimwona Bi. Nadine mlangoni. Alikuwa amemfuata mbiombio kutoka kwenye kamba, na bado alikuwa ameshika kibanio cha nguo. Alikuwa amesikia yote.

Mama aliwapeleka wote wawili kwa gari hadi darajani. Gari la Mjomba lilikuwapo, milango wazi, na askari mwenzake kijana aliyeachwa pale aliwanyooshea mkono. "Hakuna kupita. Orrin na wenzake wawili wamepanda. Tafadhali, mama, kaa hapa."

Bi. Nadine aliita mara moja, "Tobias!" Jina la mumewe likaenda mlimani na kurudi. Askari akamwomba asirudie. Walisubiri. Mto ulipiga kelele kama siku zote, na Linnea aliuchukia kwa kuwa hakuweza kusikia kitu kingine. Kisha kukapasuka mlio mmoja mkubwa juu kule. Bi. Nadine alishika ukingo wa daraja kwa mikono yote miwili.

"Hiyo si bunduki," askari alisema haraka. "Ni fataki ya kumfukuza. Ni fataki tu."

Aliyetangulia kutokea kwenye kona ni askari wa kike, amembeba Corinne. Uso wa mtoto ulikuwa umepakaa damu, na macho yake yalikuwa wazi bila kupepesa. Bi. Nadine alitoa sauti ambayo Linnea hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu.

"Si yake!" askari alipaza sauti. "Damu si yake! Yeye ni mzima!"

Nyuma yao alikuja Mjomba Orrin na mwenzake wakimkokota Bwana Pruitt katikati yao. Shati la Mjomba lilikuwa limefungwa begani mwa yule mwalimu, na halikuwa tena na rangi yake. Mkono ulining'inia. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umechanika toka pajani. Alikuwa mweupe kama karatasi, lakini alikuwa akizungumza, tena bila kukoma, kama anayemweleza mtu asiyeonekana.

"Tuliimba," alisema. "Njia nzima tuliimba. Alikuja tu. Kama mlima umeanguka. Nilimwambia Corinne alale chini, mikono shingoni. Tuliimba, lakini."

"Najua," Mjomba alimwambia. "Mlifanya yote sawasawa. Kwenye mzoga wake hasikilizi wimbo."

Helikopta ilitua uwandani chini ya daraja, nyasi zikalala. Walimwingiza Bwana Pruitt kwenye machela, mtoto akapandishwa. Bi. Nadine alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi aliposimama na kumtafuta Linnea kwa macho. Hakupiga kelele. Ilibidi Linnea asome midomo yake.

"Ulituambia kuna matope."

Basi. Akaingia, mlango ukafungwa.

Mchana ule Joely alimkuta Linnea amekaa nyuma ya ghala. Alikuja kwa hasira, baiskeli akaitupa chini.

"Umenitaja! Uliniahidi, ukanitaja!"

"Ndiyo."

"Msaliti mkubwa wewe! Baba kaniita kwa jina langu kamili kwenye redio, watu wote wa..." Alikatika. Baba yake alikuwa amejitokeza pembeni mwa ghala. Hakuwa amebadili nguo. Fulana yake ilikuwa imekakamaa kwa damu iliyokauka, kifuani na tumboni. Joely aliitazama ile fulana. Midomo yake ilicheza, kisha akaanza kulia kwa kwikwi, hasira yote imeyeyuka.

Mjomba alikaa juu ya gogo. Alionekana kuchoka kuliko siku yoyote Linnea aliyomwona.

"Atapona?" Linnea aliuliza.

"Ataishi. Bega limeharibika. Kuhusu mkono, madaktari watasema."

"Na dubu? Mtamuua?"

"Hapana. Alikuwa analinda chakula chake, ndivyo alivyoumbwa. Njia imefungwa mpaka amalize na kuondoka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Dubu hakumdanganya mtu."

Linnea aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimchoma kuliko fimbo.

Mashindano ya farasi yakapita bila Joely. Kila asubuhi, badala ya kulala, wasichana wote wawili walikwenda na Orrin mwanzoni mwa njia ya Alder, wakasimama kando ya ubao wa manjano, wakiwarudisha wageni.

Siku ambayo Mama alipata nafasi ya kwenda mjini hospitali, Linnea aliomba waende pamoja. Njia nzima alipanga maneno, na alipofika kwenye mlango wa wodi yote yakapotea. Bwana Pruitt alikuwa ameegemea mito, bega limefungwa kama mtoto aliyefungwa kanga. Corinne alikuwa amekaa kitandani kando yake akimnyoosha vidole kimoja kimoja.

"Daktari anasema tufanye hivi kila saa," Corinne alieleza. "Ili apige fidla tena."

"Nilijua," Linnea alisema. Alisimama katikati ya chumba kwa sababu hakujua mahali pengine pa kusimama. "Niliuona mzoga siku moja kabla. Nilikuwa mahali nilipokatazwa, nikaogopa adhabu. Mjomba aliniuliza nikasema sijui. Nyinyi mkaniambia mnakwenda, nikasema matope. Samahani. Najua samahani haitoshi."

Bwana Pruitt alifumba macho, akayafumbua. "Haitoshi," alikubali kwa upole. "Lakini imekuja kwa miguu yake. Hilo nalithamini."

Bi. Nadine alikuwa dirishani, mgongo umewaelekea. Aliongea bila kugeuka. "Sitakudanganya, Linnea. Kila nikifumba macho namwona mwanangu na damu ile. Moyo wangu haujakusamehe bado." Hapo akageuka. "Ila mjomba wako ameniambia kitu. Yule dubu aliwarudia mara ya pili, na askari walimkuta amesimama juu ya mume wangu. Wangechelewa kidogo, leo ningekuwa mjane, pengine bila mtoto. Ulipojua wamekwenda huko, ulikimbia kwa mama yako, hukukimbia kujificha. Hilo nalo nalikumbuka. Nipe muda."

Linnea aliitikia kwa kichwa. Alilia waliporudi garini, na Mama akamwacha alie.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na baridi ya kwanza ya vuli. Vijana wawili wenye mikoba mikubwa waliteremka garini, wakausoma ubao wa manjano na kutazamana.

"Mbao hizi huwekwa kila mwaka," mmoja alisema. "Wanatutisha tu. Twende, tutapiga kelele."

Orrin alikuwa anafungua kinywa. Linnea akamtangulia.

"Kaka zangu, hamtishwi. Kuna mzoga umefukiwa kule juu, nyuma ya mti ulioanguka. Mimi niliuona kabla ya mtu mwingine yeyote, nikanyamaza kwa sababu niliogopa kugombezwa. Kesho yake baba mmoja alipanda na mtoto wake, wakiimba. Sasa yuko hospitali, na mkono wake hauinuki. Angejua nilichokijua mimi, asingekanyaga hapa."

Joely, aliyekuwa amejibanza nyuma ya gari la baba yake, alijitokeza akasimama kando ya binamu yake. "Tulinyamaza wote wawili," alisema. "Ni mimi niliyemwambia anyamaze."

Vijana wale wakageuka, wakatupa mikoba garini. Walipoondoka, Mjomba alikaa ukingoni mwa gari lake akawaita wasichana wakae naye.

"Nataka mjue kitu," alisema. "Mlipovuka daraja, lilikuwa kosa la miguu. Watoto huvuka madaraja; na mimi nilivuka. Ningewagombeza, mngenuna, na baada ya siku chache tungeyasahau. Kosa lililomwangusha yule baba ni la ulimi. Jioni ile mlikuwa na neno moja ambalo lingefunga njia nzima. Habari ya hatari haiwi yako kwa kuwa umeiona wewe. Ni ya kila atakayepita baada yako. Ukiificha ili ujiokoe na adhabu, unampa adhabu hiyo mtu asiyejua hata kosa lake. Ndiyo maana wazee wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii kifo kilikaribia kumuumbua mtu mwingine kabisa." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mkija kwangu na ukweli mbaya, nitakasirika. Sitawadanganya. Lakini njooni. Hasira yangu hupoa."

"Tutakuja, Baba," Joely alisema.

Chini barabarani kulisikika changarawe ikisagika. Gari jingine lilikuwa linapanda, mizigo imefungwa juu, watoto wamejaa madirishani. Linnea aliteremka, akapuliza mikono yake iliyokufa ganzi kwa baridi, akaenda kulipokea.